Dada alinionyesha mlango kwanza, ndo nikacheza

Mhariri na wasomaji wenzangu habari zenu. Swali la wiki hii, kwamba usiku wako wa kwanza kwenye klabu kubwa ya mjini ni kitu gani kilikushika zaidi, nimelisoma mara mbili nkasema hili lazima nilijibu, maana jibu langu mi sio taa wala mziki wala watu walivyovaa, ni mlango, na nitaeleza kwa nini.

Mi ni mtu wa Tabora. Wa rika langu mnaikumbuka Idi el-Fitri ya mwaka 2008. Watoto walijazana disko toto pale mjini, ukumbi ukazidiwa, hewa ikawa haitoshi, na watoto karibu 20 hawakurudi nyumbani siku ile. Nlikuwa kidato cha pili, gauni la sikukuu ninalo na hela ya kiingilio ninayo mkononi, mama akasema hakuna kutoka hapa mpaka vyombo vyote vya pilau viwe vimeoshwa, nkanuna mpaka nikalia, jioni ndo tukaanza kuona watu wanakimbia kuelekea hospitali ya Kitete, kina mama wengine peku, khanga moja. Mpaka leo karibu kila sikukuu ikikaribia utasikia polisi wanatangaza disko toto marufuku, watoto wa sasa hivi wanaona kama wanaonewa tu, sisi tunajua hilo tangazo limetoka wapi.

Kwahiyo kwa miaka mitano sikuingia sehemu yoyote yenye mziki iliyo ndani. Harusi ya nje kwenye turubai sawa, bendi inapiga bustanini sawa, ukumbi hapana. Nimefika Dar kusoma chuo, wenzangu kila wikiendi wanaenda, mi nabaki hostel nasema nina testi. Sikumwambia mtu sababu.

Mwaka 2013 tumemaliza mitihani ya mwisho wa mwaka, dada yangu mtoto wa mama mkubwa akanipigia akasema Jumamosi hii unakuja kwangu na tunaenda klabu ya Bilicanas, mdogo wangu huwezi kukaa Dar mwaka mzima hujafika Bills watu watakucheka kwenu. Wakati ule Bills ndo ilikuwa Bills, pale mtaa wa Mkwepu katikati ya mji, si mbali na sanamu ya Askari, hata mtu wa mkoani ambaye hajawahi kukanyaga Dar jina hilo alikuwa analijua. Nikatafuta sababu ya kukataa nikakosa. Ila nlikuwa na hofu hasa, maana Januari ya mwaka huohuo ile klabu ya Kiss kule Santa Maria, Brazil, iliungua watu 242 wakafa, nliifuatilia ile habari kila siku kama ndugu zangu ndo walikuwa mle ndani.

Dada alikuwa anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja (jina silitaji) na kazini kwao walikuwa wanapewa mafunzo ya zimamoto. Hicho ndo kitu ambacho sikukijua kabla ya siku ile.

Tukafika kama saa 5 usiku. Nje magari yamepangana, wauza sigara na pipi na big G, madereva teksi wanaita dada twende, foleni mlangoni, wadada wamependeza na marashi yanachanganyika mpaka hujui lipi la nani. Baunsa kakagua pochi, tumegongwa muhuri mkononi, tukaingia. Jamani. Kwanza ule ubaridi wa AC kutoka kwenye joto la Dar, unapigwa nao usoni, halafu besi, ile besi huisikii kwa masikio, inaingia kifuani inakaa pale inapiga pamoja na moyo, mi nlidhani nimeshikwa na kitu nikaweka mkono kifuani. Giza, halafu mwanga, halafu giza, kila mwanga ukija watu wako sehemu nyingine. Na watu ni wengi. Miguu ikagoma. Nikamshika dada mkono nikamwambia mi narudi nje nitakusubiri kwenye teksi.

Hakunicheka wala hakuniuliza unaogopa nini. Na yeye ni wa Tabora. Akaniinamia sikioni akasema, "Njoo kwanza nikuonyeshe kitu kabla hatujakaa." Akanishika mkono tukazunguka ukumbi kwa pembeni, tukipita ukutani, akaniambia huu ndo mlango tulioingilia, hesabu hatua, tukafika sehemu nyingine akanionyesha mlango wa pembeni, akauangalia kama una kufuli, akaangalia kama kuna viti au kreti zimeuziba, akasema huu ndo wetu, likitokea lolote usinitafute, usirudie pochi, usiende kule tulikoingilia kwa sababu kila mtu atakimbilia kule, wewe njoo hapa, na mimi nitakuja hapa, tutakutana nje.

Hilo la kila mtu kukimbilia mlango alioingilia ni kweli kabisa, ukishtuka akili inakupeleka njia unayoijua hata kama mlango mwingine uko hatua tano kutoka ulipo. Kule Brazil njia ya kutokea ilikuwa moja. Mtu wa bendi aliwasha fataki humohumo ndani, cheche zikashika sponji ya dari ile ya kuzuia sauti, na ile sponji ikiungua inatoa moshi wa sumu, wengi waliokufa hawakufikiwa na moto kabisa ni moshi tu. Na kuna waliokutwa chooni, kwenye giza na moshi walidhani ule mlango ndo wa kutokea. Na mwanzoni mabaunsa waliwazuia watu wakidhani wanakimbia bili. Nikiandika hivi bado naumia. Watoto wa watu, wengi wanafunzi wa chuo kama mimi nlivyokuwa.

Sasa baada ya ule mzunguko kuna kitu kililegea ndani yangu, sijui niseme vipi, ni kama mtu kanitua ndoo kichwani. Tukapata meza upande ule wa mlango wetu, nikaagiza soda, dada akaagiza yake, na kama nusu saa hivi Dj akaingiza bolingo, sebene lile linaloanza taratibu magitaa yanaongea halafu ghafla linafunguka, ukumbi wote ukapiga kelele kwa pamoja, na mi nikasimama. Nilicheza. Watu wa Tabora tunajua kucheza, damu ya ngoma tunayo, nlikuwa nimeinyima mwili wangu miaka mitano. Nlicheza bolingo, nikacheza bongo fleva, nikacheza za Kinaijeria ambazo maneno yake siyajui, jasho linatiririka na AC yote ile. Kuna mdada simjui kabisa, zipu ya gauni langu ilifunguka mgongoni akanivuta pembeni akanifunga na pini aliyoitoa kwenye hijabu iliyokuwa kwenye pochi yake, akanipiga bega akasema haya rudi, mpaka leo namuombea mema popote alipo.

Kila baada ya muda naangalia mlango. Upo. Naendelea.

Tukatoka saa 10 alfajiri, tukala mishkaki na chipsi yai pale nje tumesimama, masikio yanalia nzii, hela ya teksi dada alikuwa nayo ila nikamwambia tutembee mpaka Posta tusubiri daladala za kwanza, nlikuwa nataka hewa. Mji umetulia, upepo wa baharini unatoka Kivukoni, mabasi ya mwendokasi yalikuwa bado hayajaanza, barabara ya Morogoro yote imefukuliwa. Mzee wa kahawa alikuwa tayari amewasha mkaa wake, tukanywa na kashata, adhana ya alfajiri ikaanza kutoka msikiti mmoja ikapokelewa na mwingine. Pale ndo nikamsimulia dada habari ya vyombo vya pilau na gauni la Idi, mara ya kwanza kumwambia mtu. Akanyamaza sana. Halafu akaniambia yeye ile siku alikuwa tayari Dar, alipiga simu nyumbani mara 11 ndo ikapokelewa, na mtu wa kwanza aliyemuulizia ni mimi.

Siku hizi nikienda sehemu na wadogo zangu au wafanyakazi wenzangu nawazungusha vilevile, hata kama ni ukumbi wa harusi au kanisa, wengine wanalalamika lakini wanazunguka, na namba ya zimamoto 114 wanayo kwenye simu zote. Nikikuta mlango wa dharura umefungwa kufuli naenda kwa meneja namwambia, asipofungua tunaondoka, kiingilio nimewahi kukiacha mara mbili na sijutii.

Bills yenyewe haipo tena, jengo lilishabomolewa. Nikipita Mkwepu huwa napunguza mwendo kidogo, macho yanaenda moja kwa moja mahali ambapo ule mlango wetu ungekuwa.