Madogo wa Ceph, ulizeni OSD yenyewe

Kwa mgeni: Ceph ni mfumo wa kuhifadhi data kwenye seva nyingi kwa pamoja, OSD ni programu inayosimamia diski ndani yake, na osd_memory_target ni RAM ambayo kila OSD inalenga kutumia. Juzi dogo mmoja kazini kanifuata kalowa jasho, "bro nimepandisha osd_memory_target mpaka 8G mbona OSD za hosti ile bado ziko palepale?" Nikamuuliza umeangaliaje, akanionyesha `ceph config get osd osd_memory_target`, kweli 8G imekaa pale vizuri tu. Ni wa tatu mwaka huu kunijia na hilohilo, kwa hiyo naandika mara moja, someni wote, nawapenda ila jamani mnanichosha.

1. `config get` inakusomea kilichoandikwa kwenye moni (programu inayotunza ramani na setingi za klasta nzima), basi. Inachotumia OSD muda huu unakiona kwa `ceph config show osd.12`, na ukiipiga bila kutaja setingi inakupa na safu ya SOURCE inayokwambia thamani imetoka wapi. Isomeni hiyo safu, haijawekwa pale kama pambo.

2. `ceph tell osd.* config set` na injectargs zinabadilisha OSD inayotembea tu, zinakufa OSD ikiristati. Ni za kujaribia, ukiridhika andika kwa `ceph config set`. Na kabla hujagusa kitu piga `ceph config help` na jina la setingi, itakwambia kama inabadilika bila ristati.

3. Hii ndiyo iliyoniuma mpaka leo. Enzi za toleo la Nautilus, klasta yetu ilikuwa ya zamani, imeanza kabla ya toleo la Mimic lililoleta setingi za kwenye moni, yaani setingi zote zilikuwa kwenye ceph.conf ya kila hosti. Baadaye tukazihamishia kwenye moni ila mafaili ya zamani hatukuyasafisha, na ndani yake kulikuwa na osd max backfills = 8 (idadi ya bakfili, yaani kuhamishia data kwenye OSD nyingine, ambazo OSD moja inaruhusiwa kwa pamoja) aliyoiweka mtu siku moja akiwa na haraka. Nikapewa kazi ya kuongeza hosti mbili. Nikakopi ceph.conf kutoka hosti ya zamani kwa mkono wangu mwenyewe, nikaset osd_max_backfills 1 kwenye moni, nikapiga config get ikanijibu 1, nikaingiza OSD mpya jioni nikaenda kulala. Saa nane usiku simu, mashine za wateja zimeganda, slow ops (maombi yanayochelewa) zinapanda tu. Mimi kichwani nina ile 1 niliyoiona kwa macho yangu, kwa hiyo bakfili nikaiondoa kabisa kwenye orodha ya washukiwa, nikasema ni swichi. Nikaandika hivyo kwenye grupu la kazi, bosi yumo, kwamba netiweki imetuangusha. Jamaa wa netiweki akatoka kwake usiku ule akaja data senta, akabadilisha kebo, akakagua poti moja moja, hakunijibu vibaya hata mara moja. Masaa matatu. Alfajiri dada mmoja aliyenitangulia kazini akanipigia akaniuliza swali moja tu: OSD yenyewe umeiuliza? Nikapiga config show, 8, SOURCE ni file. Faili la kwenye hosti linaishinda moni, ndivyo Ceph ilivyopangwa, na nilikuwa nimeshalisoma hilo kabla. Nikapiga `ceph osd set nobackfill` kusimamisha bakfili, wateja wakapumua, nikaweka 1 kwa tell, nikafuta ule mstari kwenye kila hosti ndipo nikaiondoa nobackfill. Kisha nikaenda kumwomba radhi yule jamaa, kwenye grupu lilelile, maana nilimchafua mbele za watu akiwa amelala kwake hana kosa. Alinielewa, lakini ule usiku sijausahau, na ndiyo maana nikiona dogo anajiamini na config get napandisha sauti, mnisamehe.

4. Tumrudie dogo wa juzi. Tulipiga `ceph config dump` tukakuta cephadm (zana ya kusimamia klasta) ilishaandika osd_memory_target ya hosti ile peke yake, kwa sababu autotune, ya kupanga RAM yenyewe, ilikuwa imewashwa, na ya hosti inaishinda ya osd kwa ujumla. Alikuwa anaandika juu, inasomwa ya chini.

5. Kuanzia toleo la Quincy la 2022 mclock (inayopanga foleni ya kazi ndani ya OSD) ndiyo imeshika usukani, usihangaike na osd_max_backfills, badilisha osd_mclock_profile kwanza.

6. Ukipandisha debug_osd (wingi wa maelezo kwenye logi) kuwa 20 irudishe kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Logi ikijaza diski ambayo moni nayo inakaa humo, nafasi ikishuka chini ya asilimia 5 moni ikizimwa inagoma kuwaka tena, na mkiwa na moni tatu zikagoma mbili hamna kworamu tena, yaani moni za kutosha kuamua mambo ya klasta.

7. full ratio (kiwango cha kujaa ambapo klasta inakataa kuandikwa) haibadilishwi kwa config set kwenye klasta inayotembea, ni `ceph osd set-full-ratio`.

8. Ukishaharibu usianze kubahatisha, `ceph config log` inaonyesha kila kilichobadilishwa kwenye moni na `ceph config reset` inakurudisha nyuma. Ila ya tell haiandikwi humo, kwa hiyo kila komandi ya tell iwekeni kwenye tiketi na saa mliyoipiga, nitakuwa naangalia.