Farasi aliyekaa peke yake miaka, tandiko liache kwanza

Mimi ni saisi, farasi nimewashika hapa Karen miaka kumi na kitu, na bado kuna mmoja alinirudisha darasani. Tunamwita Kijivu. Mwenyewe alihama nchi akamwacha huko Limuru kwa banda, peke yake, mlinzi anamrushia majani basi, hakuna wa kumgusa. Mbavu unazihesabu ukiwa kwa geti na kwato zimekua mpaka zimejikunja mbele.

Chakula kwanza, na hapa huruma inaua. Ukiona amekonda hivyo mkono unakimbilia ndoo ya nafaka, usithubutu, mwili uliozoea njaa ukijazwa nafaka ghafla farasi anaweza kufa siku chache tu baadaye ukidhani unamsaidia. Daktari alitupangia lusani, yale majani makavu ya alfalfa, kidogo kidogo kila masaa manne, usiku na mchana, nafaka hakuna kabisa wiki mbili za mwanzo. Nikaweka alarm kwa simu, mama watoto akaanza kuuliza kama nimeoa farasi.

Kosa langu sasa. Siku ya tatu nilimbana kwa kona nikamvalisha halta, zile kamba za kichwani za kumshikia, kwa nguvu, eti fundi wa kwato anakuja kesho. Nilimvalisha ndio, lakini wiki mbili nzima akiniona ananigeuzia matako, na matako ya farasi si ya kuchezea. Fundi mwenyewe ilibidi amfanyie kazi akiwa amedungwa sindano ya kumtuliza, kumbe halta haikuwa hata na haraka.

Basi nikaacha kumfuata. Nilipindua ndoo nikaikalia ndani ya padoki, kiwanja chake chenye fensi, nimempa ubavu, nasoma meseji zangu. Farasi ni mnyama wa kuwindwa jamani, mtu anayemkazia macho akimjia moja kwa moja hana tofauti na simba. Siku ya tano akaja kunusa kofia. Sikumshika, na mkono uliniwasha kweli. Nilipokuja kumgusa sikuanza na uso, nilianza pale shingo inapoishia mgongo ukianza, ndipo wanapokunana wao kwa wao, akanyoosha mdomo wa juu ukaanza kutetemeka kwa raha.

Lakini nisijisifu, aliyemponya ni punda. Tulimpata punda jike mzee, wote wawili wakapewa dawa ya minyoo maana punda hubeba minyoo ya mapafu bila kuonyesha, wakakaa wiki kadhaa kila mtu upande wake wa fensi wakinusana. Siku ya kuwachanganya niliweka mafungu matatu ya nyasi kwa wanyama wawili, ndio anayefukuzwa apate pa kwenda. Ule mchezo wa Kijivu wa kusimama mlangoni akiyumba kushoto kulia siku nzima ukaisha polepole. Punda akisuguliwa na brashi, Kijivu naye anakuja kupanga laini!

Kwato hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hivyo kwato mpya kamili ni karibu mwaka, na fundi anapunguza kila wiki sita hivi. Hiyo ndio kalenda niliyofuata. Tandiko lilikaa juu ya fensi mwezi mzima analinusa tu kabla sijamwekea mgongoni, mwezi wa tisa huo tangu tumpokee.

Saa hizi mtoto anampanda vizuri. Lori ndio bado hataki hata kulisogelea, na mimi simlazimishi.