Usichapishe kwenye kitenge, chapisha kwenye bafta

Mfarishi wa kwanza nilioushona kwa vipande vilivyochorwa na printa ulidumu kufuliwa mara moja tu. Ulikuwa tandiko la mtoto wa wifi yangu, viraka vya bluu na vyeupe, na mistari ya kukatia niliitoa kwenye printa ya steshenari yangu hapa Makorora, Tanga. Ulipotoka kwenye beseni, kila kiraka cheupe kilikuwa na kivuli cha zambarau kando ya mshono, kama macho ya bibi harusi aliyelia na wanja wake. Wifi alishukuru kwa adabu. Mfarishi wenyewe sijauona tena.

Nimeshaharibu bafta nyingi tangu siku ile, na wanaokuja kuniuliza nawajibu hivi: usichapishe umbo kwenye kitambaa kitakachoonekana. Chapisha kwenye kitambaa cha chini, ile bafta nyeupe nyepesi itakayobaki ndani.

Mtu anaweza kuuliza printa inaingiaje kwenye mambo ya cherehani. Aliyewahi kushona viraka anajua kwamba kinachochosha ni kukata. Unatengeneza kipimo cha kadi ngumu, unakizungushia chaki, unakata, unarudia. Kadi inalika pembeni kidogo kidogo, na ukifika kipande cha 40 pembetatu zako si ndugu tena. Printa inachora kipande cha 200 sawasawa na cha kwanza. Shangazi yangu, ambaye kashona kwa mkono maisha yake yote, alikaa akaitazama ikitoa kitambaa.

"Mwanangu, na kushona inashona?"

"Hapana shangazi, inachora tu."

"Haya. Basi kazi bado ipo."

Kwa nini si kitenge? Kwanza, kitenge cha wax kina rangi pande zote mbili, kwa hiyo huna upande wa nyuma wa kufichia mstari. Pili, printa haina wino mweupe. Kwenye rangi ya udongo au bluu iliyokolea utapitisha kitambaa kizima na usione hata alama. Na sehemu nyeupe, ambapo mstari unaonekana vizuri, ndipo madoa nayo yataonekana vizuri.

Bafta inamaliza yote hayo. Unachapisha mchoro mzima wa mraba mmoja: mistari ya kushonea, namba za kufuatana 1, 2, 3, na mpaka wa nje. Wakati wa kushona, mistari inakutazama wewe, mabaki ya kitenge yanakaa upande wa pili. Kipande cha kwanza unakilaza nyuma ya namba 1, uso wake ukitazama nje. Inua bafta uelekeze kwenye taa ili uone kama kimefunika eneo lote na kupita mistari kwa robo inchi. Cha pili unakilaza juu ya cha kwanza, uso kwa uso, unageuza bafta, unapitisha sindano juu ya mstari ulio kati ya 1 na 2. Punguza ukingo ubaki robo inchi, fungua kipande cha pili, kipigie pasi au kikwaruze kwa ukucha kilale. Kisha cha tatu. Huna haja ya kukata pembetatu yoyote kwa kipimo. Kipande chochote kikubwa kuliko eneo lake kinafaa, na mafundi wa Ngamiani wanaoshona magauni ya vitenge wana mifuko ya mabaki wasiyojua wayapeleke wapi. Bafta haichanwi mwishoni, inabaki humo humo na kuupa mfarishi uzito kidogo.

Kuna mtego mmoja. Kwa kuwa mistari iko nyuma, mbele kila kitu kinatoka kimegeuka kushoto kulia. Nyota haitakuumbua, wala jahazi, ingawa nililolishona la kwanza tanga lake lilielekea upande ambao sikulipangia. Herufi ndiyo itakuumbua. Niliwahi kuweka S kwenye mto wa mtoto ikatoka kama Z iliyolewa. Mchoro wenye upande ugeuze kwenye kompyuta kabla ya kuchapisha.

Sasa wino, maana kufichwa ndani peke yake hakutoshi. Wino unaoyeyuka utapenya ukifuliwa na kutokea mbele. Wino wa printa za nyumbani ni wa aina mbili. Kuna ambao rangi yake imeyeyuka kabisa kwenye maji, huo ukikutana na beseni unarudi kwao. Na kuna wa pigimenti, wenye punje ndogo zinazokaa kwenye uzi na kuvumilia maji vizuri zaidi. Soma boksi la wino. Printa nyingi za tangi za Canon, familia ya G, wino wao mweusi ni pigimenti na rangi nyingine tatu si pigimenti. Kosa langu la mfarishi wa wifi lilikuwa hapo: nilichora mistari ya bluu kwa kuwa bluu ilinipendeza. Chora kwa weusi mtupu, mstari mwembamba, na kwenye aina ya karatasi chagua ya kawaida. Ukichagua ya picha, mashine hizo huacha ule weusi wa pigimenti na kuchanganya rangi tatu kupata weusi wao, na umerudi kwenye zambarau. Kwa wanaoniambia siki na chumvi hushika wino: nimejaribu. Nyumba ilinuka achari siku mbili na wino ukatoka vilevile.

Kabla ya kazi kubwa, chapisha kipande kimoja, kipigie pasi, kiache hadi kesho yake, kifue kwa sabuni unayofulia kila siku. Kama kimetoa rangi, printa hiyo iachie barua.

Bafta yenyewe iwe pamba tupu, na ifuliwe kwanza itoe wanga na kurudi kwa kadiri inavyorudi. Kitambaa peke yake hakipiti kwenye printa, kinahitaji mgongo. Wenzetu wa Marekani hutumia karatasi ya kufungia nyama yenye nailoni upande mmoja, wanaibandika kwa pasi. Hapa Tanga mimi natumia karatasi ya kufungia rimu. Baadhi zina utando unaong'aa upande wa ndani, na uso wa juu wa rimu ni A4 kamili isiyo na mkunjo hata mmoja. Laza bafta juu ya upande unaong'aa, pasi kavu ya joto la kati, kisha kata vyote viwili pamoja sentimita 21 kwa 29.7. Jaribu kwanza kwenye kona: nyingine hazishiki, na zile za nailoni tupu zitaganda kwenye pasi. Ukikosa, nunua karatasi ya stika ya A4, menya, bandika bafta, kandamiza kwa rula. Stika moja hunifikisha mara nne au tano, ila hakikisha bafta imefunika gundi yote hadi ukingoni, la sivyo itabandika printa kwa ndani.

Pasi ipige dakika hiyo hiyo unayotaka kuchapisha. Kwa unyevu wa mji huu, ukiandaa karatasi kumi jioni, asubuhi pembe zote zimejifungua. Ukingo unaoingia kwanza mimi hubandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi, nusu juu nusu chini. Printa inayopokea karatasi kwa nyuma ni bora kuliko ya trei ya chini, kwa kuwa ile ya trei hukunja karatasi na kitambaa kinabanduka njiani. Na tafadhali, hii ni kazi ya printa ya wino wa maji tu. Ya leza ina moto ndani, itayeyusha nailoni yako na bili ya fundi utailipa wewe.

Kipimo. Hapa watu hupoteza siku nzima. Mimi huchora kwa Inkscape, programu ya kuchorea ambayo ni ya bure, kisha nahifadhi PDF. Wakati wa kuchapisha, palipoandikwa "Fit" toa alama, weka asilimia 100. Ikitoka asilimia 97, kipande kimoja hutakiona kibaya, lakini safu ya viraka 20 vya inchi moja itapungua zaidi ya nusu inchi na haitakutana na mpaka uliokata kwa futi. Kila mchoro wangu una kisanduku cha inchi moja pembeni. Nachapisha kwanza kwenye karatasi ya kawaida, naweka rula. Kumbuka pia printa huacha kama milimita 3 kila upande, kwa hiyo mraba mkubwa unaoingia kwenye A4 kwa raha ni wa inchi 7 baada ya kushonwa, pamoja na robo inchi ya mshono kila upande. Mafundi waliozoea kuacha nusu inchi, hapo mkono mtauzuia wenyewe.

Nyuzi za ukingoni zikate zote kabla ya kuingiza, na ukimaliza kuchapisha kitambaa pitisha karatasi tupu mbili. Mimi siku moja sikupitisha. Mteja aliyefuata alikuwa na barua ya kuomba kazi, na uzi wa bafta ulikuwa umejishika mle ndani ukiburuta wino. Barua ilitoka na mchirizi mweusi juu ya "Yah:". Nilimchapia upya bure, na bahasha juu.