Mama mwenye usonji, na mtoto naye anao

Dada, pole sana. Umeeleza kwamba wewe na mwanao wa miaka sita nyote mna usonji (autism), na akianza kupiga mayowe unakumbuka kipigo cha baba yako, mkono unanyanyuka wenyewe. Nami nalea katika hali hiyo hiyo, nakuelewa.

Mayowe yale si utundu. Amezidiwa, na wewe umezidiwa pia, kwa hiyo punguza kelele kwanza: zima redio na feni, shusha pazia, keti sakafuni hatua mbili kutoka kwake, usiseme neno. Ukihisi ngumi inakaza, mwachie mtu mzima mwingine, utoke nje unawe uso kwa maji baridi. Panga na jirani au shangazi mapema, maana katikati ya vurugu maneno hayatoki. Vizibo vya masikio navyo vinasaidia, hasa jioni.

Akishatulia, mwombe radhi kama ulimfokea. Wazee watasema unamdekeza, waache waseme.

Ila kiwewe cha utotoni hakiponi kwa mbinu za nyumbani peke yake. Omba hospitali ya rufaa ikuelekeze kwa mwanasaikolojia, na umwambie tangu mwanzo kuwa una usonji. Kama umeshampiga, au unawaza kujidhuru, usingoje siku ya kliniki: nenda leo. Kwa masuala ya mtoto, namba 116 ni ya bure Kenya na Tanzania.