Kwa wapulizaji wapya: kukaa kimya nako ni kazi

Wadogo zangu wa tarumbeta na saksafoni, haya nimeyasema kwa mdomo mazoezini Kirumba mpaka nimechoka, na bado kila bendi inayoajiri vijana hapa Mwanza naona yale yale. Mkimaliza kibwagizo chenu mnaweka ala pembeni kama mtu aliyetua gunia la dagaa, simu inatoka mfukoni. Mwimbaji bado ana beti mbili, nyie hampo tena.

1. Tafuteni albamu ya Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi wa Marekani, iitwayo ...And His Mother Called Him Bill, ilirekodiwa 1967. Najua mtasema ni muziki wa wazee. Ni wa wazee kweli! Ellington alikuwa na miaka 68. Harry Carney wa saksafoni ya baritoni, ile ya sauti nzito, alikuwa naye tangu 1927, Johnny Hodges wa saksafoni ya alto alijiunga 1928, akaondoka, akarudi. Billy Strayhorn, mtunzi na mpangaji muziki aliyefanya kazi na Ellington kwa karibu miaka 30, alifariki Mei mwaka huo kwa saratani, na Agosti bendi ikaingia studio kurekodi tungo zake.

Anzeni na Blood Count, ambayo Strayhorn aliimalizia akiwa hospitalini. Hodges ndiye anayeongoza, na kila mtu anamsikiliza Hodges. Nyie sikilizeni walioko nyuma yake. Wanapanda naye mpaka kileleni, halafu wanashuka pamoja, hakuna anayebaki juu kutafuta sifa. Kati yenu nawajua wawili ambao wangebaki.

Mwisho wa albamu kuna Lotus Blossom. Kazi ya siku imekwisha, watu wanafungasha ala, na maongezi yao yanasikika kabisa. Ellington amebaki kwenye piano peke yake, anaupiga wimbo ambao yeye mwenyewe alisema Strayhorn alipenda sana kumsikia akiupiga. Mitambo haijazimwa. Kadiri anavyoendelea, kelele zinapungua, hadi chumba kizima kinakuwa chake. Sisi hapo tungekuwa tumeshaanza kudaiana nauli.

2. Joto la ala. Tarumbeta ikipata joto sauti inapanda, ikipoa inashuka. Gitaa ni kinyume chake, jua likipiga nyuzi zinalegea, ndiyo maana kwenye sherehe za mchana nje mnagombana na mpiga gitaa la solo na wote mnadhani mna haki. Kabla ya kuingia, puliza pumzi ya joto ndani ya ala bila kutoa sauti. Sekunde chache tu.

Hili nalijua kwa aibu. Nilikuwa kijana, nimechukuliwa na mzee mmoja kiongozi wa bendi aliyekuwa anarekodi albamu yake uzeeni, na wote tulijua huenda ni ya mwisho. Alikuwa wa kizazi cha RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima chumba kimoja, mnapiga mnamaliza. Hakutaka habari ya kila mtu kurekodi kivyake. Wimbo wenyewe ulianza na gitaa na sauti yake, sisi wapulizaji tunaingia baada ya ubeti wa pili. Nikakaa chini ya kiyoyozi, tarumbeta imelala mapajani, nawaza malipo. Mzee akaimba siku ile! Ile sehemu ya juu ambayo mazoezini alikuwa anaikwepa, akaipanda na kukaa huko.

Tukaingia. Ala yangu ilikuwa ya baridi, ikatoka chini ya wenzangu. Nikaisikia, nikabana midomo kuipandisha, sauti ikapasuka. Mwenzangu wa saksafoni ya tena akajaribu kunifuata kule chini ili angalau tukosee pamoja, na hapo ndipo ikawa mbaya zaidi. Nyuma ya kioo fundi mitambo aliinua uso akanitazama mimi, si mwingine. Mzee hakusimamisha wimbo.

Tulirudia. Sauti yake ilikuwa imeshakwenda, pale juu hakufika tena. Mwishowe akasema tuchukue ile ya kwanza. Fundi akataka kutufuta wapulizaji, lakini tulikuwa tumeshaingia kwenye maiki ya mwimbaji, huwezi kumtoa mmoja ukamwacha mwingine. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu nilikuwa wapi. Nikamjibu, "Nilikuwepo, mzee." Hakuongeza neno. Wimbo ule bado unapigwa kwenye harusi. Ukianza, mimi natoka nje kuangalia gari, na gari sina.

3. Hesabuni mapigo wenyewe mpaka zamu yenu ya kuingia. Msisubiri ishara ya jicho kutoka kwa mpiga besi, naye ana yake.

4. Kwenye chemko, pale wimbo unapochanganya watu wacheze, punguzeni mapambo. Watu wameshasimama kucheza, hawahitaji kujua una noti ngapi za juu. Kama una hamu sana, rudi namba moja ukamsikilize Carney anavyobeba bendi nzima kutoka chini.

5. Mafuta ya valvu, vile vibonyezo vya tarumbeta, kila mtu anunue yake. Nimeshasema mafuta ya kula hayaingii kwenye tarumbeta, na aliyeyatia kwenye yangu ile wiki ya Pasaka anajijua. Chupa naidai bado.