Pasaka na Karume Day: mkuu, usiweke kisiwa mwisho

Mkuu, futa hiyo ratiba. Nimeisoma yote na nimeshindwa kupita kimya.

Umesema mko watano: wewe, shemeji, watoto wawili na bi mkubwa. Mnatoka Dodoma na treni ya SGR Ijumaa Kuu asubuhi, mnakaa Dar Ijumaa na Jumamosi, Pasaka yenyewe mnavuka kwenda Unguja, mnalala huko Jumapili na Jumatatu, halafu Jumanne tarehe 7 mnachukua boti ya mwisho ya jioni, mnashuka Dar wakati wa magharibi na kuunganisha treni ya usiku, ili Jumatano saa mbili asubuhi uwe kwenye kikao. Ukaongeza kwamba jamaa anayekupangia safari amekwambia "raha huwekwa mwisho".

Maneno hayo hayo, neno kwa neno, niliambiwa mimi. Huwa najiuliza kama wanafundishwa sehemu moja.

Kabla ya hoteli, kabla ya chakula, kabla ya swali lolote ulilouliza, shika hili: KISIWA KWANZA, MJI MWISHO. Usiku wa mwisho wa safari ulale upande ambao treni yako inaondokea. Mengine yote yanarekebishika, hili halirekebishiki ukishafika kule.

Nikueleze kilichotupata. Pasaka iliyopita nilimpa kazi ya kupanga safari mtu mmoja aliyekuwa anatangaza vifurushi kwenye magrupu ya WhatsApp, picha za bahari ya bluu na watu wanaoruka ufukweni. Mimi nilitaka tuanze Unguja. Akanikatalia kabisa. Akasema watoto wakishaiona bahari hawatautaka tena mji, kwa hiyo mji utangulie. Nikamuuliza tiketi za kurudi, akajibu: "Bosi, boti zipo asubuhi mpaka jioni, mtakata hapo hapo Malindi, msijifunge." Msijifunge! Yeye pesa yake ya kupanga alishaifunga mfukoni wiki mbili kabla.

Dar tulikula raha, sina neno. Unguja nako raha tupu. Tatizo lilianza Jumatatu ya Pasaka saa nne asubuhi, tulipofika Malindi, bandari ya boti ya Unguja, na mabegi yetu kukata tiketi. Foleni ilikuwa imetoka nje ya uzio. Watumishi, wanafunzi, familia nzima nzima, kila aliyevuka kwa ajili ya sikukuu alikuwa anarudi siku hiyo hiyo, na wengi walishakata tiketi zao tangu Dar. Nilipofika dirishani yule dada hakuinua hata kichwa: "Ya mchana imejaa, ya jioni imejaa. Kesho." Nikamwambia dada yangu, nina mtoto mdogo na mama mzee. Akaniangalia kwa huruma kweli, akageuza skrini nione mwenyewe. Viti vyote vyekundu.

Sasa ngoja nikwambie kilichokuwa kinanichoma. Mke wangu alikuwa na usaili wa kazi Dodoma, Jumanne asubuhi. Usaili wa mchujo, ule wa kuandika, unaoitwa watu kwa maelfu. Ameusubiri mwaka mzima. Alikuwa amebeba makaratasi yake kwenye bahasha ya kaki na kila usiku kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, watoto wakilala anayatoa anasoma kwa tochi ya simu. Tulishamweleza yule mpangaji hivyo tangu siku ya kwanza. Akajibu "msiwe na presha, mtafika Dodoma usiku wa Jumatatu mnalala kabisa".

Nikasema basi tupande ndege, ni dakika kama 20 tu angani. Nikakimbia na bodaboda mpaka uwanja wa ndege. Viti viwili vimebaki, kwa bei ambayo sitaiandika hapa. Viwili, na sisi watano! Mke wangu angeweza kwenda peke yake, nikampigia. Wakati anamkabidhi mtoto kwa mama na kuanza kutafuta usafiri, vile viti viwili vikanunuliwa na mtu aliyesimama nyuma yangu. Nilikuwa bado na simu sikioni.

Tukarudi bandarini kusubiri wanaoghairi. Mvua ya masika ikaja, upepo ukaja, boti ya mchana ikachelewa kuingia kwa sababu ya hali ya bahari, na ya jioni nayo ikasukumwa mbele. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata wenye tiketi walikuwa kwenye shida ile ile. Kulikuwa na baba mmoja amekata mapema, ana kila kitu mkononi, naye alipanga kuunganisha treni usiku ule ule kama unavyopanga wewe. Boti yake ilipoondoka, treni yake ilikuwa imebakiza muda mfupi kutoka Dar, na safari ya majini ni karibu saa mbili. Kwa hiyo mkuu usiniambie "mimi nitakata tiketi mapema, mimi sitapata hilo". Tiketi inakupa kiti. Bahari haina habari na tiketi yako.

Mke wangu usaili haukumsubiri. Tulivuka Jumanne, tukaenda kupanda basi Mbezi Luis, tukaingia Dodoma usiku. Njia nzima hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Yule mpangaji nilipompigia alisema "pole sana bosi, hali ya hewa hiyo, kazi ya Mungu". Mungu ndiye aliyepanga kisiwa kiwe siku ya mwisho? Mungu ndiye aliyesema tusikate tiketi? Hasira ninayo mpaka leo. Mtu anakula pesa ya kupanga ratiba, kisha ratiba ikianguka anamkabidhi Muumba.

Wanaotaka kucheka wacheke. Lakini wacheke wakiwa wameshika tiketi za kurudi.

Sasa turudi kwako, maana mwaka huu ni pabaya zaidi. Pasaka ni tarehe 5 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Karume Day, tarehe 7, inaangukia Jumanne. Siku tano mfululizo bila kazi. Unadhani ni wewe peke yako uliyeiona kalenda? Nusu ya Dar itavuka, na nusu hiyo itarudi Jumanne jioni pamoja na wewe kwa boti ile ile. Tena Unguja siku hiyo ni nzito kwao, ndiyo siku aliyouawa Mzee Karume, rais wao wa kwanza, mwaka 1972, watu na viongozi wanakwenda kumsomea dua Kisiwandui, na kutoka hapo mpaka Malindi si mbali. Usitegemee kupenya na taksi na mabegi dakika za mwisho.

Halafu kuna bahari yenyewe. Aprili kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imekwisha na kusi, ule wa kutoka kusini, ndiyo inaanza kujitengeneza, katikati ya masika. Dar iko kusini mwa Unguja. Maana yake unapokwenda, upepo wa kusi unakusukuma mgongoni. Unaporudi, boti inaupokea usoni na kupanda mawimbi njia nzima. Wale wanaotapika wengi hutapika kwenye kurudi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, ratiba zinasogezwa, na hapo usimtukane nahodha wala mtu wa bandari. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar, watu wengi walipotea, familia zinalia hadi leo. Boti ikizuiwa kuondoka, shukuru. Ila panga safari yako ili kuzuiwa kwake kusikuharibie maisha.

Ratiba yako iwe hivi. Alhamisi tarehe 2 ukitoka kazini panda treni ya jioni, mlale Dar. Stesheni ya SGR na bandari ya boti ziko katikati ya mji, karibu karibu, kwa hiyo tafuteni gesti safi upande huo wa Posta au Kisutu, msiende kulala Mbezi kisha mkatafuta foleni alfajiri. Geti la boti liko pale Sokoine Drive, ng'ambo ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Ijumaa Kuu mnapanda boti ya kwanza asubuhi. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mnalala Unguja. JUMATATU mnarudi kwa boti ya asubuhi, si ya mchana na wala si ya mwisho. Mkichelewa, kuna boti nyingine nyuma yake. Zikikwama zote, kuna Jumanne nzima. Jumatatu mnalala Dar, Jumanne mnatembea mjini na mchana mnapanda treni kwenda Dodoma. Siku yako ya mji ndiyo akiba yako. Coco Beach hata ukiikosa, mihogo ipo mwaka mzima. Kikao cha Jumatano ukikikosa utaeleza nini?

Najua utasema siku ya Dar itapungua. Ipungue! Kigamboni uliyotaka kulala siku mbili, iache. Kama ni lazima muione, nendeni Jumanne asubuhi kwa kupitia Daraja la Nyerere, msikae kusubiri pantoni huku mna treni mchana. Bi mkubwa apelekwe Feri akachague samaki akaangiwe pale pale, watoto wale mihogo, inatosha.

Na tiketi za boti kata za kwenda NA KURUDI siku moja, kwa pamoja, leo kama unaweza. Kata kwenye ofisi au mtandao wa kampuni yenyewe. Pale getini kuna vijana wamevaa vitambulisho shingoni watakaokushika mkono na kukuita mjomba, wanakuvuta pembeni wanasema dirishani kumejaa wao wanazo. Pita. Majina kwenye tiketi yafanane na vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto uwe navyo kwenye begi la mkononi, usivizike chini ya nguo.

Uliuliza Nungwi au Paje kwa watoto. Nungwi au Kendwa, bila kufikiri. Mwaka huu mwezi mpevu ni Alhamisi hiyo hiyo ya tarehe 2, kwa hiyo sikukuu nzima mtakuwa kwenye bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa wakati wa bamvua yanakwenda mbali mpaka unaona kina mama wa mwani wanatembea kule ulikotegemea kuogelea, na siku hizo yanapwa kuanzia asubuhi kuelekea mchana, saa ambazo watoto ndiyo wanalia kutaka maji. Kaskazini hayakimbii hivyo. Ni kama kilomita 60 kutoka mjini, kwa hiyo usiku wa Jumapili mrudi mlale Mji Mkongwe. Narudia: usiku wa Jumapili MJI MKONGWE, si Nungwi, ili asubuhi ya Jumatatu mtembee kwa miguu kwenda Malindi. Ni kanuni ile ile, kila usiku unasogea karibu na nyumbani.

Na hiyo inajibu swali lako la bi mkubwa na misa ya Pasaka. Amkeni mapema Nungwi, mumwahishe kanisa la Minara Miwili pale Shangani, kila dereva wa mjini anapajua. Jioni mpeleke Forodhani, akae kwenye ukuta apigwe na upepo, watoto wale urojo.

Kuhusu bei za hoteli na yale mambo ya kobe wa Changuu na safari ya viungo, wengine humu watakujibu, mimi nilichokuja kusema nimesema. Dawa za kutapika waulize famasi kabla hujatoka Dodoma, mnywe kabla ya kupanda, si mawimbi yakishaanza.

Huyo jamaa anayekupangia mwambie abadilishe. Akigoma, mdai pesa yako na upange mwenyewe, hakuna chochote hapo kinachohitaji mtaalamu. Ukishakata tiketi rudi hapa uandike boti yako ya kurudi ni ya siku gani na saa ngapi. Ikiwa ni ya Jumanne jioni nitakufuata PM, na sitakuacha mpaka uibadilishe.