Maswali na Majibu: Presha ya Tangi la Unga na Dereva Anayeanza Kujifunza

SWALI: Nimeendesha semitrela kwa miaka mingi kati ya Lindi, Masasi na Dar es Salaam, nikibeba korosho na ufuta kwenye magunia. Sasa nimepata kazi ya tangi la kubebea saruji isiyofungwa mifukoni, kutoka Mtwara. Mkufunzi hanipi usukani: kila siku ananiweka kwenye vali na geji, na anasema presha ya bar 2 inaweza kuniua. Tairi zangu zina bar 8 na sijawahi kuziogopa. Je, huyu bwana anazidisha, au kuna jambo sijalielewa? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Ndugu msomaji, mkufunzi wako hazidishi hata kidogo, na ningekushauri umshukuru, kwa sababu wapo wanaokabidhiwa funguo siku ya kwanza na kuachwa wajifunze kushusha mzigo kwa kumtazama dereva mwenzao. Wewe udereva unao tayari. Usichokuwa nacho ni ujuzi wa kuishi na chombo cha mgandamizo, yaani tangi ambalo hujazwa hewa na kompresa ili unga wa saruji usukumwe kupitia mpira hadi juu ya silo, lile ghala refu kama mnara la kuhifadhia saruji. Chombo cha aina hiyo, kwa sheria zetu za usalama mahali pa kazi, hukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayojibu swali lako la tairi. Presha peke yake haikuambii nguvu iliyopo. Lazima uizidishe kwa ukubwa wa eneo inalosukuma. Bar 1 ni sawa na takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Mfuniko wa juu ya tangi wenye kipenyo cha sentimita 50 una eneo la karibu sentimita za mraba 1,960. Kwa hiyo tangi likiwa na bar 1, mfuniko huo unasukumwa kutoka ndani kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani 2, na likiwa na bar 2 nguvu hiyo hufika tani 4. Hata pale sindano ya geji inapoonekana kama imelala kwenye sifuri, huku imebaki sehemu moja ya kumi ya bar, bado mfuniko unasukumwa kwa karibu kilo 200, na aliyeinama juu yake kulegeza komeo anaweza kupigwa usoni au kurushwa chini kutoka juu ya tangi.

Ndiyo maana nasisitiza usiiamini geji peke yake. Kijibomba kinachopeleka hewa kwenye geji ni chembamba, na vumbi la saruji likikutana na unyevu wa pwani yetu huganda humo na kukiziba. Sindano hubaki kwenye sifuri wakati tangi limejaa hewa. Kabla ya kupanda ngazi, fungua vali ya kutolea hewa na usimame ukiisikiliza. Mwanzoni hunguruma, kisha mlio hupungua ukawa mwembamba, na hapo ndipo wengi hukosa subira. Ngoja hadi ukimya uwe kamili, uache vali hiyo wazi, ndipo upande, na uiache wazi muda wote mifuniko inapofunguliwa. Ikiwa mifuniko ya tangi lako ina komeo la hatua mbili, ile hatua ya kwanza, inayouachia mfuniko uinuke kidogo huku ukiwa bado umeshikiliwa, isirukwe hata siku moja. Simama pembeni, kichwa chako kisiwe juu ya mfuniko.

Kuhusu kushusha, mpangilio wa vali hutofautiana kati ya tangi na tangi, hivyo ufuate kibao cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye gari lako. Hata hivyo mantiki ni moja. Hewa huingizwa kwanza chini, kupitia vitambaa au pedi zilizomo kwenye vitumbo vya tangi (zile sehemu za chini zilizochongoka kama faneli), ili saruji iliyoshindiliwa na mitikisiko ya safari ilegee na kutiririka. Baada ya presha kupanda hadi kiwango cha kazi, hufunguliwa hewa ya kwenye bomba, kisha ndipo vali ya mzigo hufunguliwa pole pole, kitumbo kimoja baada ya kingine. Kulegeza mzigo kunahitaji muda zaidi gari likichelewa njiani. Mvua za mwaka 2024 zilipoikata barabara kule Somanga, wilayani Kilwa, magari yalikwama. Saruji iliyokaa ndani ya tangi kwa siku kadhaa haishuki kama ile iliyopakiwa asubuhi, na anayejaribu kuilazimisha kwa kufungua vali yote mara moja huziba bomba.

Bomba kuziba ndiko kunakoumiza watu wengi, kwa kuwa dereva huwa amechoka na mwenye silo anamharakisha. Funga vali ya mzigo, acha hewa ya bomba ijaribu kusafisha njia. Ikishindikana, zima hewa na utoe presha ya tangi. Lakini elewa jambo hili vizuri: tangi linaweza kuwa tupu kabisa la hewa, geji yake ikisema kweli, huku kipande cha mpira kilichoko kati ya kizuizi na vali iliyofungwa kikiwa bado kimeshika presha. Ubonyeze mpira kwa mkono: ukiwa mgumu kama ubao, hewa bado imo. Usiupige kwa nyundo wala usiguse masikio ya kaplingi, yaani mikono ya kufungia kiungo cha mpira, hadi hewa hiyo itolewe kwa vali ya bomba. Kaplingi inayoachia ghafla huufanya mpira uchape huku na huko, na utingo aliye karibu hana pa kukimbilia. Kabla ya kuanza kushusha, masikio hayo yafungwe kwa pini au waya wake, na watu wasio na kazi waondolewe.

Upande wa silo, hakikisha mwenyewe kwamba ina nafasi ya kupokea mzigo wote na kwamba kichujio chake cha juu kinafanya kazi. Silo haikutengenezwa kuhimili presha ya tangi lako. Hatari kubwa huja mwishoni, unga unapokwisha na hewa yote iliyobaki kukimbilia silo kwa mkupuo. Kwa hiyo sindano inapoanza kushuka haraka, punguza hewa na uanze kufunga. Ukiona vumbi linatoka juu ya silo, simamisha kazi hapo hapo, hata kama msimamizi anasema ni kawaida.

Mabomba ya chuma yanayotoka kwenye kompresa huunguza, kwa kuwa hewa ikigandamizwa hupata joto linaloweza kupita nyuzi 100. Vaa glavu, miwani iliyoziba pembeni na barakoa ya vumbi. Saruji ikichanganyika na jasho au machozi huchoma. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 na uende hospitali. Ndani ya tangi usiingie kamwe kukwangua mabaki, hata ukiombwa kama msaada mdogo tu.

Barabarani, tofauti na magunia ya korosho ni kwamba uzito wa tangi hukaa juu. Kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari makubwa hakikuhakikishii usalama kwenye kona za Mikindani, wala unapokunja Mingoyo kuelekea Masasi. Punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ukiwa ndani yake. Na kama siku moja utapewa tangi la kuinuliwa na jeki ili mzigo ushuke, kataa kuliinua kwenye mchanga laini, ambao maeneo mengi ya ujenzi ya pwani yetu yanao, mpaka ardhi isawazishwe na kushindiliwa.

Kozi za magari makubwa, kama zile za Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, zitakuimarisha katika uendeshaji, lakini vali hujifunzwa kwenye gari lenyewe. Mwombe mkufunzi akuruhusu ushushe mzigo mzima kwa mikono yako, yeye akiwa kimya kando yako, na ukimaliza umweleze kwa mdomo ungefanya nini bomba lingeziba katikati. Usikubali kwenda peke yako kabla ya hapo.